Kufuli za umeme za Runx ya 2002: shajara ya wiki tisa uani

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Naanza kuandika leo kwa sababu ya Jumatano. Jioni ile tulikuwa kwenye foleni karibu na soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi. Mkono wa mtu ukafungua mlango wa nyuma kushoto, ukachukua mfuko wa shule wa binti yangu, ukapotea. Mtoto alikuwa amekaa palepale. Hakuguswa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hakubali kukaa upande ule. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimebonyeza ufunguo, nikasikia "tak", nikaamini gari limefungwa. Kumbe tak ile haikuwa ya milango yote.

Gari ni Toyota Corolla Runx ya 2002, usukani kulia. Ilikuja kama zinavyokuja nyingi za hapa Lubumbashi: meli hadi Dar es Salaam, barabara hadi Tunduma, Zambia yote, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Mimi ni wa pili kuiendesha hapa Kongo.

Hali ya leo nikibonyeza ufunguo: mlango wa dereva unafunga kwa uvivu. Wa mbele kushoto kijiti cha kufuli kinashuka nusu, halafu kinarudi juu. Wa nyuma kushoto kimya kabisa. Wa nyuma kulia unafunga vizuri. Kwa mkono, yote minne inafunga. Kwa hiyo mpaka kazi iishe, sheria ya nyumba ni mkono: kila mtu anafunga mlango wake mwenyewe, na mimi nageuka kuhakikisha kabla ya kuondoa gari.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimemaliza mambo mepesi. Betri mpya ya ufunguo haikubadilisha kitu. Fizibo (fyuzi) ya milango ni nzima, na hata bila kuichomoa ningejua: ni moja kwa milango yote, ingekatika nisingesikia hata tak moja. Kile kidude cha usalama wa watoto kwenye ukingo wa milango ya nyuma hakihusiki na kufuli, kinazuia tu mkono wa ndani usifungue. Nakitaja kwa sababu jirani yangu alifungua mlango mzima wa gari lake kabla ya kukiona.

Batri: volti 12.4 injini ikiwa imezimwa, 14.1 ikiunguruma. Hapo nikapata kitu cha kushika. Injini ikiunguruma, mlango wa dereva unafunga kwa nguvu zaidi, na kile kijiti cha mbele kushoto kinakaribia kufika chini. Volti chini ya mbili za ziada zinaleta tofauti unayoiona kwa macho. Basi ama kuna nguvu inayopotea njiani, ama kuna mota zilizochoka, ama vyote viwili.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefungua milango mitatu kwa ndani, yote isipokuwa wa nyuma kulia. Visi (skurubu) moja iko nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine kwenye kishikio cha kuvutia mlango, halafu klipsi za plastiki kuzunguka ukingo. Ubao wa ndani hauvutwi kuja kwako mpaka mwisho. Klipsi zikishaachia, unaunyanyua juu, maana kwenye mdomo wa kioo umening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilivunja klipsi mbili kwenye mlango wa kwanza, kwenye wa tatu sikuvunja hata moja.

Nyuma ya ubao kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Kwenye milango miwili ya kushoto imechanwa na kuachwa inaning'inia. Aliyewahi kufungua milango hii kabla yangu hakujua kazi yake, au hakujali. Maji ya mvua hushuka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila siku ya mvua, ndivyo magari yalivyotengenezwa, na mlango una matundu chini ya kuyatolea. Plastiki ile ndiyo inayoyazuia yasifike upande wa pili, kwenye nyaya na swichi. Na hapa kwetu kuna vumbi jekundu pia, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua irudi. Ndani ya mlango wa mbele kushoto nilikuta limelala kama unga.

Kando ya miguu ya dereva nikakuta kitu kingine: kisanduku cha alamu ya zamani, kimekufa, nyaya zake bado zimefungwa kwenye nyaya za kufuli kwa kuzungushwa na utepe mweusi. Nimezitoa zote, nikarudisha nyaya za asili zilivyokuwa. Ugonjwa haukubadilika, lakini sasa najua napima gari la kiwandani wala si la watu watatu.

Jumatano, 18 Septemba

Siku tatu nimepoteza kwa mita ya kupimia umeme. Nimechomeka ncha zake kwenye plagi ya mlango wa nyuma kushoto, mtoto wa dada akibonyeza swichi. Mara volti 3, mara 5, mara 0.8, mara hakuna. Nikahitimisha kwamba kisanduku kinachoongoza kufuli ndicho kibovu. Muuzaji wa piesi (vipuri) za mitumba akanitajia dola 40. Nilikuwa nazo mfukoni.

Kilichonizuia ni mlango wa nyuma kulia. Nao unaongozwa na kisanduku hichohicho, na unafunga kila mara. Nikarudi nyumbani na pesa zangu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, ana meza yake chini ya mwembe kule Katuba. Nikamweleza yote, na namba za mita. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwana yangu, hiyo mita iko nadanganya. Hapana juu ni mubaya. Juu haina mzigo. Beba hii." ("Juu" kwa Kiswahili chetu ni "kwa sababu".)

Akanipa ampule ya klinyota, yaani balbu ya taa ya kuashiria kukata kona, ya wati 21, imeshikwa kwenye soketi yake na nyaya mbili zenye vibanio. "Papa, ni bei gani?" Akakataa. "Utanirudishia ukimaliza."

Nimeielewa usiku huu nikiwa nimekaa na karatasi. Mambo ni mawili. Kwanza, umeme unaokwenda kwenye mota ya kufuli unakaa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mita ya dijitali inapima, inahesabu wastani, ndipo inaonyesha. Wakati inafikiri, umeme umekwisha kupita. Zile 3 na 5 hazikuwa volti za gari langu, zilikuwa mabaki. Ampule inawaka papo hapo na jicho linaona. Pili, mita hainywi umeme karibu kabisa, kwa hiyo hata waya uliobaki na unyuzi mmoja wa shaba utaionyesha volti zote. Ampule ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, yaani kazi ya kweli. Waya mgonjwa hauwezi kuificha ampule ugonjwa wake.

Jumamosi, 21 Septemba

Nyuma kushoto, plagi imechomolewa, ampule mahali pa mota: inawaka nyeupe, kila mara, kufunga na kufungua. Basi nyaya nzima, kisanduku kizima, mota imekufa. Dola 40 zimepona.

Mbele kushoto: inawaka nyeupe pia. Sikulitegemea hilo. Nimeuweka kando.

Dereva: inawaka rangi ya chungwa, kama makala (makaa) yanayozimika.

Nikataka namba. Nikatafuta kiungio cha nyaya kando ya miguu, nikatoa masi ya batri (waya wa hasi) kwanza, nikachomoa kiungio ili kisanduku kisihusike, nikarudisha masi na kulisha nyaya mbili za mota ya dereva moja kwa moja kutoka kwenye batri, huku ampule ikiwa upande wa mlangoni. Bila ampule, mita mlangoni ilisoma 12.4, safi kabisa, kama kwenye batri yenyewe. Nikafunga ampule: 6.9. Nikapima kutoka chanya ya batri hadi mwisho wa waya wa kwanza: 5.2. Waya wa pili: 0.3. Jumlisha, ni 12.4. Hakuna volti hata moja iliyopotea bila kujulikana ilipo. Nimezisoma hesabu zile mara tatu kwa furaha, kisha nikamwita mke wangu aje aone ampule ikiwa hafifu na mita ikisema kila kitu ni kizuri.

Jumapili, 22 Septemba

Kati ya mlango na nguzo ya gari kuna mpira wenye mikunjo, nyaya zote za mlango zinapita humo. Nikauvuta upande mmoja, nikausukuma nyuma. Waya wa mota ulikuwa na ngozi iliyopasuka palepale pa kukunjia. Ndani shaba imekuwa ya kijani na imebaki nyuzi mbili. Waya jirani, ule wa 0.3, umepasuka ngozi lakini shaba bado ni nyekundu. Mingine miwili myembamba, ya swichi na ya masi, ngozi ina nyufa za nywele.

Kwa nini mlango huu? Nimelifikiria sana. Kila ukibonyeza ufunguo, mota zote nne zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo mota zinazeeka pamoja. Nyaya hazizeeki hivyo. Waya unazeeka kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, na kila mlango una maisha yake. Japani wanapita kushoto mwa barabara, abiria wa nyuma anashukia kushoto, kwenye ukingo. Hapa tunapita kulia, watoto wangu wanashukia kulia. Mlango wa nyuma kulia ulipumzika miaka yake ya kwanza, wa nyuma kushoto unapumzika sasa. Wa dereva haujapumzika popote. Gari la usukani wa kulia linapoletwa huku, ukitafuta waya uliokatika, anzia hapo.

Nimekata sehemu mbovu ya nyaya mbili za mota na kuweka vipande vipya vyenye nyuzi nyingi nyembamba, virefu vya kutosha ili viungio vikae nje ya mpira: kimoja ndani ya mlango, kimoja ndani ya mwili wa gari. Risasi ya kulehemu inaufanya waya kuwa mgumu kama msumari, ukiiweka mahali panapokunjwa, waya utakatika pembeni yake. Umeme wa nyumbani ulikuwa umekatika, kwa hiyo nimelehemu kwa kipande cha shaba nilichokipasha kwenye mbabula (jiko) ya makala. Kazi ilikuwa polepole lakini risasi imeingia vizuri. Zile nyaya mbili nyembamba nimezizungushia utepe tu.

Ampule: nyeupe. Mlango wa dereva unafunga kama mpya.

Jumamosi, 28 Septemba

Mota ya nyuma kushoto. Serire, yaani kufuli lenyewe la ndani ya mlango pamoja na mota yake, inatoka kwa visi tatu za ukingo wa mlango. Hizo visi zimekaa miaka ishirini na mbili, tumia turnevisi (bisibisi) inayolingana kabisa, ipige kichwani kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha, vinginevyo utakula kichwa chote cha visi na hapo shida itakuwa nyingine.

Kisanduku cha mota kimegundishwa, hakina visi. Nimekikata kwenye mshono kwa msumeno mwembamba wa chuma, polepole, mlimita moja moja. Ndani kuna kijimota, gia ya msokoto na gia kubwa ya plastiki. Gia nzima. Nimefungua mota: vijiti vya kaboni vimelika, na ile pete ya shaba vinayoigusa imefunikwa na weusi wa kaboni iliyochanganyika na grisi. Nimeisafisha kwa spiriti na kuisugua kwa raba ya penseli mpaka ikang'aa, nikavikunja vishikio vya kaboni kidogo ili visukume.

Inafanya kazi. Siiamini sana, kaboni ni fupi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Ilifanya kazi siku sita. Jana kimya.

Nimenunua serire mbili zilizokufa plastiki, za Corolla nyingine ya kizazi hikihiki, dola 6 zote mbili. Ni za kulia na za mbele, haziingii kwenye mlango wangu, lakini ukizifungua, mota ndani ni ileile, ni maganda tu yanayotofautiana. Nimeijaribu kila moja kwenye batri kwa mguso mfupi, chini ya sekunde. Zote mbili zina nguvu. Moja imeingia, ya pili nimeiweka kwenye kopo.

Kuna wanaouza mota za kubandika, zinazokaa na gari lolote, na vijana wengi wanazifunga. Zinafanya kazi. Lakini inabidi utoboe chuma cha mlango na kukunja fimbo, na tundu lisilopakwa rangi ni kutu kuanzia mvua ya kwanza. Sikutaka.

Nimerudisha, nimebonyeza. Milango mitatu ikafunga, wa nyuma kushoto ukafungua. Nikabonyeza tena: mitatu ikafungua, ule ukafunga. Nyaya mbili za mota nimezigeuza. Mota ya kufuli haina chanya na hasi ya kudumu: umeme ukipita huku inafunga, ukipita kule inafungua. Kuna nukta kwenye ganda la mota kando ya ncha moja, nilipaswa kuiandika kabla ya kutoa ya zamani. Nimefungua tena kila kitu. Saa moja na nusu. Kisanduku nimekifunga kwa gundi ya epoksi na kukiacha usiku kucha.

Jumapili, 13 Oktoba

Sasa mbele kushoto, ule ulionishangaza: umeme upo, mota inasikika, kijiti kinashuka nusu na kurudi. Nikakishika kwa vidole, nikakisukuma, kisha nikafanya vivyo hivyo kwenye mlango wa nyuma kulia. Tofauti yake ni kama kusukuma mlango wa mbao uliovimba na ule uliokauka. Nilikuwa nimefunga kwa mkono mlango ule mamia ya mara bila kuusikiliza.

Serire ilikuwa imejazwa grisi nzito ya bearingi za magurudumu, na grisi imekunywa vumbi mpaka ikawa udongo wa kufinyanga. Ndani ya serire kuna springi ambayo kijiti lazima kiishinde mpaka katikati, baada ya hapo springi yenyewe inamalizia. Mota haikufika katikati, kwa hiyo springi ilikuwa inarudisha. Nimeosha kwa mafuta ya taa na mswaki mara nne, mara ya nne yakatoka meupe. Nimekausha juani, nimepaka grisi nyeupe nyepesi kidogo sana, kwenye maungio tu. Mota sikuigusa hata kidogo, na mlango unafunga.

Milango minne. Nimefunga na kufungua mara hamsini, mtoto wa dada akihesabu kwa sauti.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli ilinyesha Jumapili. Usiku wa kuamkia leo, saa nane, nimeamshwa na sauti uani: tak. Kimya. Tak, tak. Nilidhani mwizi. Hakuna mtu. Gari linafunga lenyewe, tena na tena. Asubuhi batri 11.7, haikuwasha.

Nimetoa masi ya batri mpaka Jumamosi. Tumekwenda kwa miguu na basi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nilijua pa kwenda. Nimefungua mpira wa mlango wa dereva: maji ndani, kama kijiko. Sikuurudisha mdomo wake sawasawa tarehe 22. Na zile nyaya mbili nyembamba nilizozifunga kwa utepe tu zimelowa, utepe umeachia gundi. Swichi ya kufuli inamwambia kisanduku "funga" kwa kugusisha waya wake kwenye masi. Waya wa masi unapita kandokando yake. Maji yakijaa katikati ya nyufa, kisanduku kinaona swichi imebonyezwa, hata kama watu wamelala.

Nimebadilisha hizo mbili pia, kwa namna ileile ya vipande virefu, kila kiungio kimelehemiwa na kuvikwa mrija unaonywea kwa joto. Mpira nimeusafisha mdomo na kuukalisha kwa vidole mpaka umeingia kuzunguka kote. Halafu plastiki: nimekata nailoni nzito mpya kwa milango ya kushoto, nikaibandika kwa gundi ileile nyeusi niliyoipasha juani ikalainika, na upande wa chini nimeuingiza ndani ya mlango ili maji yakidondoka yarudi kwenye matundu. Matundu yenyewe mawili yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu. Waya mwembamba umeyafungua.

Jumamosi, 9 Novemba

Wiki nzima ya mvua, karibu kila alasiri. Hakuna tak ya usiku. Batri asubuhi 12.4.

Nimemrudishia mzee ampule yake, na mafuta ya kupikia lita tano kwa mama wa nyumbani kwake. Akauliza mlango wa dereva ulikuwa waya? Nikamwambia ndiyo Papa, volti 5.2. Akacheka kwa furaha, akamwita kijana wake aje asikie hiyo namba. Nami nimejitengenezea ampule yangu, inakaa kwenye kasha la gari.

Wa nyuma kulia, ambao haukuwa na shida, jana niliusikia unafunga nyuma kidogo ya wenzake. Mota ya kopo inausubiri.

Leo jioni tulipita foleni ileile. Binti yangu alikaa kushoto. Nilipobonyeza, alishika kijiti cha mlango wake, akajaribu kukivuta kishikio mara mbili, akatoa daftari lake.